Mshale wa joto ukicheza: pikapu kuukuu njia ya Lorugum

Njia ya Lodwar kwenda Lorugum haina huruma na injini. Jua la mchana hupita nyuzi 35, na mchanga hukulazimisha gia ndogo. Hapo mshale wa joto hupanda, hushuka, hupanda tena, na mafundi wengi watakwambia, "Toa thamostati." Mimi sikubaliani nao. Thamostati ya magari mengi hufunguka maji yakifika takriban nyuzi 82. Ikiwa inakwama, weka mpya. Kuitoa ni kuficha ugonjwa.

Tazama kwanza mshale unapanda wakati gani. Ukipanda mchangani na kushuka ukirudi kwenye lami, kagua feni na mapezi ya rejeta, huenda yameziba vumbi. Ukipanda mlimani gari likiwa na mzigo, rejeta imeziba ndani. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe, kama ule wa birika zetu huku Pwani. Ukiruka ghafla na kurudi, kuna hewa: maji yamepungua, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza maji, kisha washa. Mapovu yasiyokwisha yanaelekeza kwenye gasketi. Geji ya mafuta nayo ikicheza, shuku nyaya.

Kifuniko kibovu hakishiki presha, maji yakachemka mapema. Lakini usikifungue injini ikiwa moto, utaungua uso.

Beba jerikeni mbili, moja ya gari, moja yenu. Usitegemee kuomba njiani maji ambayo mama wa watu ameyafuata kwa miguu.