Biashara ya vitabu kusini imehamia kwenye maduka ya dini

Mpenzi wa riwaya za Elvis Musiba au Ben Mtobwa anayeshuka kwenye basi mjini Masasi na kuulizia duka la vitabu, mara nyingi huelekezwa kwenye steshenari. Humo kuna madaftari yaliyofungwa kwa dazeni, kalamu, bahasha za kaki, mashine ya kutoa kopi na kijana anayewachapia watu barua za maombi ya kazi. Vitabu navyo vipo, ila ni vile vinavyotakiwa shuleni: Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Joka la Mdimu, Wasakatonge. Hivi vimeuzika kwa miaka mingi kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hakuwa na hiari. Asiyesomea mtihani anabaki na mlango mmoja, nao ni wa duka la dini.

Mlango huo unastahili kuangaliwa kwa jicho la kibiashara. Masasi na Newala zina halmashauri nne, ndani ya mkoa wa Mtwara, ambao sensa ya 2022 iliuhesabia zaidi ya watu milioni 1.6. Ni eneo la wakulima wa korosho wanaolipwa kwa msimu. Shule zimejaa, misikiti na makanisa yamejaa. Hata hivyo duka linaloishi kwa kuuza vitabu tu, bila kopi wala madaftari, ni nadra sana nje ya taasisi za dini. Kwa nini ni dini iliyoweza kulisimamisha?

Jibu la kwanza liko Ndanda, kama kilomita 40 kutoka Masasi katika barabara iendayo pwani. Wamisionari Wabenediktini walianza hapo mwaka 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia. Leo Ndanda ni abasia yenye hospitali, shule, karakana na kiwanda cha uchapaji, Ndanda Mission Press. Pamoja na wenzao wa Peramiho, Songea, watawa hao wametoa vitabu kwa jina la Benedictine Publications Ndanda-Peramiho. Wakristo wengi wa Tanzania wamelishika jina hilo mikononi bila hata kulisoma, maana limechapwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa mwanzo wa vitabu vyao vya ibada.

Nguvu ya mpango huo ni kwamba anayechapa na anayeuza ni nyumba moja. Hakuna mtu wa kati wa kukatiwa chake, na kitabu kikiisha kinachapwa tena bila kusubiri mtu wa Dar es Salaam apige hesabu kama inalipa. Mnunuzi naye anajulikana. Kila parokia ina watoto wa komunyo ya kwanza na vijana wa kipaimara, ina kwaya na makatekista, na kila mwaka linaingia kundi jipya. Mchapishaji wa riwaya angefurahi sana kuwa na hakika ya namna hiyo, hata kwa robo yake tu.

Ukiitazama misale, yaani kitabu cha Misa, kwa karibu unaona imetengenezwa na watu wanaomjua mteja wao. Karatasi ni nyembamba ili kurasa nyingi zienee mkononi. Kuna utepe wa kuwekea alama, maelekezo kwa wino mwekundu na sala kwa mweusi, na jalada la kuvumilia kubebwa kila Jumapili. Kitabu cha shule huchoka mwaka haujaisha, lakini misale hurithishwa.

Ukipanda hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hali ni ileile kwa sura nyingine. Wamakonde wengi wa huku ni Waislamu, na soko linaendeshwa na madrasa. Bidhaa kuu ni Juzuu Amma, kitabu chembamba ambacho mtoto hukianza mapema na kukichakaza kabla hajakimaliza, kwa hiyo mzazi hununua tena. Baada yake kuna misahafu, vitabu vya fikihi, Maulidi ya Barzanji na visomo vya kujifunza Kiarabu. Ni nadra kukuta duka la aina hii likiuza vitabu peke yake. Vinakaa pamoja na kanzu, kofia, mikeka ya kuswalia, udi na mafuta ya uturi, na ni mchanganyiko huo unaolipa kodi ya pango. Mzigo hutoka Kariakoo na Zanzibar. Hapa hakuna kiwanda kama cha Ndanda. Kuna mtandao wa wafanyabiashara wanaoaminiana, na kwa biashara ya kusini huo nao ni mtaji.

Maandishi yamekuwa yakitembea katika nchi hii tangu zamani, hata bila duka. Mwaka 1908 waraka uliojulikana kama barua ya Makka ulienea kutoka Lindi kwa kunakiliwa kwa mkono, ukawatia hofu watawala wa Kijerumani. Upande wa Wakristo, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Mwaka huohuo chapa ya misheni Zanzibar ilitoa kitabu chake kidogo cha Kimakonde. Cha Kiyao alikuwa amekitoa mwaka 1871. Kwa maneno mengine, lugha za uwanda huu ziliingia kwenye biashara ya vitabu kabla nchi haijawa koloni, na aliyeziingiza alikuwa mtu wa dini.

Ushindani wa imani hizi mbili umemfaidia msomaji kuliko inavyosemwa. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa UMCA hiyohiyo, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na Waislamu wengi hawakuridhika nayo. Mwaka 1953 Waahmadiyya walitoa yao Nairobi. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alipokamilisha tafsiri ambayo Islamic Foundation ya Nairobi iliitoa nzima mwaka 1969, na tangu hapo imekuwa ikichapwa tena na tena. Kwa muda usiozidi nusu karne Kiswahili kilipata tafsiri tatu za kitabu kimoja, kila moja ikiwa na mchapishaji na wasomaji wake. Riwaya ya Kiswahili haijawahi kugombewa kiasi hicho.

Jibu la pili la lile swali la kwa nini ni dini liko serikalini. Duka la kawaida la vitabu, lile la kila mtu, popote Afrika Mashariki limeishi kwa kitabu cha shule. Faida ya hesabu na sayansi ndiyo iliyobeba rafu ya hadithi. Tanzania ilipotoa sera mpya ya vitabu mwaka 1991, uchapishaji wa vitabu vya kiada ulianza kuhamia kwa kampuni binafsi, na kuacha mfumo wa mashirika ya umma ambamo Tanzania Elimu Supplies ilikuwa msambazaji. Mwaka 2013, baada ya malalamiko bungeni juu ya ubora wa vitabu, kamati iliyokuwa ikiviidhinisha ilivunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikaelekezwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Vitabu sasa vinafika shuleni bila kupita dukani. Kwa mtoto wa Kitangali au Nanyumbu hiyo ni nafuu ya kweli, na hakuna wa kumwonea kijicho. Kwa mwenye duka la Masasi, nguzo ya nyumba imeng'olewa.

Kenya ilifanya jambo linalofanana mwaka 2018, pale serikali ilipoanza kununua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Wauza vitabu wa miji midogo walilia vilevile. Tofauti ni kwamba Nairobi ina maduka makubwa kama Text Book Centre, yenye tabaka la wasomaji wa mjini la kuegemea. Newala haina tabaka hilo, au tuseme haina duka la kulijaribia.

Hesabu ya mwenye duka si ngumu. Tuchukue mfano wa riwaya ya shilingi 10,000. Mchapishaji akimpa punguzo la robo, anabakiwa na 2,500. Toa nauli ya kifurushi kwenye basi la Dar es Salaam, toa kodi na umeme, halafu hesabu miezi ambayo kitabu kitakaa rafuni kikisubiri mtu mmoja. Katoni ya madaftari inageuka fedha ndani ya wiki. Hapo hata mfanyabiashara mpenda vitabu atachagua madaftari, naye hana kosa.

Duka la dini linaikwepa hesabu hiyo kwa sababu kalenda inaliletea wateja. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja ya Machi, na pande zote mbili za soko zikaamka pamoja. Kabla ya hapo huja fedha za korosho. Minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, huanza kwenye Oktoba, na malipo hupitia vyama vya msingi kwenda benki kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Katika msimu wa 2024/25 bei ya mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kati ya Novemba na Januari kuna fedha vijijini ambazo mchapishaji wa vitabu wa Dar es Salaam hajazifuata. Muuza pikipiki na muuza mabati wamezifuata zamani.

Basi njia rahisi ya kuwafikia wasomaji wa uwanda huu ni kutumia rafu ambazo tayari zimesimama. Anayeingia duka la Ndanda bila kuwa Mkatoliki hakuti katekisimu peke yake, kwa kuwa maduka ya namna hii huweka pia vitabu vya afya, malezi na historia. Anayeingia duka la Kiislamu Newala bila kuwa Mwislamu atakuta vya ndoa, tabia na tarehe ya mitume. Wenye maduka wameshazoea kuuza kitabu kisicho cha ibada. Wanachokosa ni mtu wa kuwaletea riwaya na tawasifu bila kuwataka walipe kwanza. Mpango huo wafanyabiashara wanauita mali kauli: mzigo unakuja, fedha zinafuata baada ya mauzo, kisichouzika kinarudi. Nguo na vipodozi vimeenea kusini kwa mtindo huo.

Usafiri haukatishi tamaa kama zamani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003 likaondoa adha ya kivuko, na barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, inaendelea kuwekwa lami kwa vipande. Kifurushi kinachotoka Dar es Salaam alfajiri kinaweza kufika Masasi siku hiyohiyo.

Na kitabu cha kuanzia kipo. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, akahariri magazeti ya Uhuru na Daily News kabla ya kuwa Rais. Tawasifu yake ya Kiingereza, My Life, My Purpose, ilitolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2019. Hapa kila ukoo una mtu aliyemjua au aliyesoma na nduguye. Nakala 50 zikipelekwa Ndanda, kwa Waanglikana wa Mtandi mjini Masasi, na Newala kwa mali kauli mwezi Novemba, wakati malipo ya korosho yanaingia benki, mchapishaji atajua kabla ya Pasaka kama soko lipo.