Umeme Mdogo, Pumzi Ndefu

Mgonjwa aliyepasuliwa kifua hukabiliwa na hatari ambayo wengi hawaitambui: kuogopa kukohoa. Jeraha lake limo baina ya mbavu, nazo mbavu hazipumziki, kwa kuwa kila pumzi huzitikisa. Ili kuyakwepa maumivu, huvuta pumzi fupi fupi na kukizuia kikohozi. Basi makohozi hujikusanya katika njia za hewa, vifuko vya hewa vya sehemu za chini za mapafu husinyaa, na vijidudu hupata mahali pa kustawi. Hivyo ndivyo nimonia iwezavyo kumpata mtu ambaye upasuaji wake ulifanikiwa.

Kwa sababu hiyo, kupunguza maumivu ni sehemu ya kuyalinda mapafu. Msingi wa kazi hiyo ni dawa. Lakini dawa kali kama mofini ikizidi hudhoofisha upumuaji wenyewe. Hapo umeme huitwa kusaidia.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitangaza nadharia ya lango. Habari za mguso husafiri katika nyuzi nene za neva kwa kasi ipatayo mita 30 kwa sekunde au zaidi. Maumivu yanayodumu hupita katika nyuzi nyembamba mno, kwa kasi isiyozidi mita 2. Zote huingia katika uti wa mgongo. Nyuzi nene zikisisimuliwa, habari za maumivu ziendazo kwenye ubongo hupungua, mfano wa lango lililorudishwa nusu. Ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua mara moja.

Chombo kinachotumiwa ni kidogo na huendeshwa kwa betri. Vibandiko vyake huwekwa juu ya ngozi nzima kando ya mshono, wala si juu ya jeraha. Mipigo ya umeme, mara nyingi 80 hadi 100 kwa sekunde, huongezwa nguvu mpaka mgonjwa ahisi msisimko usiouma. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hapaswi kukitumia bila idhini ya daktari.

Hata hivyo, umeme huo hauponyi pafu, wala peke yake hautoshi kuyashinda maumivu makali. Faida yake ni kumpa mgonjwa nafuu ya kufanya kazi iliyo yake. Mtaalamu wa tiba ya viungo humketisha wima, humwambia akumbatie mto kifuani, avute pumzi ndefu, aizuie kwa sekunde chache, kisha akohoe. Mashine hulegeza maumivu. Anayeyafungua mapafu ni mgonjwa mwenyewe.