Kabla ya Kumleta Kasuku Nyumbani

Mwezi uliopita tulikwenda kutoa mkono wa pole katika nyumba moja mjini Tanga. Marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa siku tatu nyuma. Tukiwa barazani pamoja na wafiwa, tulisikia sauti yake kutoka uani: alimwita binti yake kwa jina, akataka kahawa. Wageni walitazamana. Binti akainuka pole pole, akaenda kumfunika kasuku.

Ndege yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu alinunuliwa mwaka 1991 kutoka kwa msafiri aliyetokea Kongo, wakati binti yule angali mtoto wa chuoni. Leo yeye ni mama wa watoto wanne. Alipotusindikiza mlangoni alituuliza swali lililotufanya tuandike makala haya. Nyumba ya baba na shamba lake vina warithi na mafungu yao yanajulikana. Lakini kasuku, ambaye naye ni mali ya marehemu, hakuna ndugu hata mmoja aliyedai fungu lake. Je, amchukue nani?

Wazazi kadhaa wamekwisha kutuuliza kama inajuzu kufuga kasuku, na karibu wote huishia hapo. Jibu la wanazuoni wengi ni kwamba inajuzu. Hutegemea Hadithi ya Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya mdogo wake Abu Umayr aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) akimtania kwa upole juu ya kindege hicho. Lakini wanazuoni hao hao huweka sharti la kumlisha, kumnywesha na kutomwudhi, wakikumbusha Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Kwa hiyo mwenye kuuliza kama inajuzu hapana budi aulize pia kama ataliweza sharti lenyewe, na kwa muda gani.

Muda huo ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema huishi miaka 40 hata 60. Baba wa miaka 45 anayemnunulia mwanawe kinda la kasuku leo, ananunua kiumbe ambaye kwa hesabu ya kawaida atabaki baada yake. Mtoto ataondoka kwenda kusoma, ataoa au ataolewa, atahamia nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki kelele, na kasuku atakuwa bado anahitaji maji safi kila asubuhi. Basi kabla ya kuuliza bei, familia na ikae pamoja ikubaliane: mama akisafiri, nani atamlisha? Baba akifariki, nani atamchukua?

Jambo la pili ni alikotoka. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu, kuanzia Afrika ya Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi Kakamega nchini Kenya na pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Hutaga katika matundu ya miti mirefu, dume na jike hukaa pamoja mwaka hata mwaka, na jioni hukusanyika kulala kwa makundi makubwa. Wategaji hupaka ulimbo matawini au huwatoa makinda matunduni, kisha huwasafirisha wakiwa wamebanana masandukuni, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Nchini Ghana, watafiti wamekadiria kwamba ndege hawa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Iko Hadithi katika Sunan ya Abu Dawud juu ya ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anahangaika angani, na Mtume akaamuru arudishiwe. Anayenunua kinda lililotolewa tunduni na aitafakari Hadithi hiyo kabla ya kutoa fedha zake.

Sheria nayo imebana. Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza kasuku huyu katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Tanzania Bara, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kukamata na kumiliki mnyamapori. Kenya nayo, mwaka 2022, iliwapa wenye kasuku wa kijivu muda maalumu wa kujisajili bila ya kushitakiwa. Muuzaji anayekuonyesha ndege nyuma ya duka, hana karatasi yoyote na anakuharakisha uamue kabla ya jioni, achana naye.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana hapa ndipo ndege wengi huteseka kwa mikono ya watu wema. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu. Moshi wa mkaa, wa sigara, udi wa kufukuzia mbu, hata udi na ubani tunaofukiza Ijumaa, vyote humwumiza akiwa chumba kimoja navyo. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula, kikisahauliwa motoni mpaka kikapata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumwua ndege kwa muda mfupi, ingawa wanadamu jikoni hawajahisi kitu. Tundu lake lisikae jikoni kabisa.

Chakula chake si alizeti tupu. Anayelishwa mbegu peke yake miaka yote hupungukiwa na vitamini A na madini ya kujenga mifupa. Apewe mboga za majani, karoti, viazi vitamu vilivyochemshwa, mahindi mabichi, papai na embe, na atolewe apate jua la asubuhi penye kivuli cha kukimbilia. Parachichi ni sumu kwake. Chokoleti, kahawa, chai na vyakula vya chumvi asipewe, hata kama mzee wa nyumba hufurahi kumwona akidonoa kikombeni.

Kinyesi chake kilichokauka, kikipeperuka kama vumbi, huweza kubeba homa ya kasuku, maradhi yanayoshika mapafu ya binadamu. Tundu lilowanishwe kabla ya kusafishwa, na anayeugua homa na kikohozi amwambie daktari kwamba nyumbani kuna ndege.

Lakini mzigo mkubwa zaidi ni upweke. Kasuku mmoja aliyeitwa Alex, aliyefundishwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kwa miaka 30, alijifunza majina ya vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita. Kiumbe mwenye akili hiyo akifungiwa pembeni, asisemeshwe wala asipewe cha kutafuna na kuchezea, huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu. Wengine huyaona hayo wakadhani ni ugonjwa wa ngozi. Anahitaji saa kadhaa za watu kila siku, na tundu pana la kumwezesha kunyoosha mbawa zote mbili. Alfajiri na magharibi atapiga kelele, kwa kuwa ndiyo desturi yake msituni.

Na maneno? Wazazi hutumai atajifunza salamu. Huenda akajifunza. Lakini hushika upesi zaidi yale yanayotamkwa kwa hamasa, na nyumba zetu nyingi zina hamasa zaidi wakati wa ugomvi kuliko wakati wa salamu. Tumewahi kuketi katika nyumba ya watu wenye heshima zao, ndege akawaanika.

Kwa familia inayotaka tu kuwafundisha watoto huruma na wajibu, tungeshauri kuku wachache uani, au wale kasuku wadogo wa asili ya Australia wanaozaliana kizimbani, ambao huishi miaka michache na mzigo wao hubebeka.

Yule binti wa Tanga ameamua kumchukua mwenyewe. Mumewe alisita kwanza, kisha akatengeneza tundu jipya, kubwa zaidi. Kila magharibi hulifunika kwa kanga, na ndege, kabla ya kunyamaza, huuliza kwa sauti ya marehemu kama mlango umefungwa. Ametuambia kwamba humjibu.