Muda wa Mionzi Ndani ya Chuma

Wasafiri wa mji wa Baraka wanaopita Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma ama Kalemie huulizia upepo na uzito wa shehena, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza iwapo viungo vya chuma vilivyoushika ubavu wa chombo ni vizima ndani yake. Liemba, meli ile iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, na ambayo mwaka 1997 iliwarejesha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira, iliungwa kwa ribiti, na ribiti iliyolegea fundi huweza kuitambua kwa kuigonga nyundo na kuisikiliza. Ama meli za leo huchomelewa, na ndani ya mchomeleo huweza kujificha ufa usioonekana kwa jicho wala kusikika kwa nyundo. Njia ya kuufichua ilidokezwa zamani, kwani Röntgen, mgunduzi wa mionzi ya eksirei, katika makala yake ya kwanza ya Desemba 1895, alikwisha kutaja kipande cha chuma ambacho mionzi ilidhihirisha kuwa hakikulingana ndani.

Fundi huweka chanzo cha mionzi upande mmoja wa chuma na filamu upande wa pili, kisha hukabiliwa na suali zito: aiache mionzi ipite kwa muda gani? Ukiwa mfupi mno, filamu hubaki nyeupe; ukiwa mrefu mno, huwa nyeusi tititi; na katika hali zote mbili, atiaye sahihi kwamba mchomeleo ni mzima huwa ameshuhudia jambo asiloliona.

Tuchukue chanzo cha iridiamu 192, kitumikacho sana katika mabomba na meli. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 74, hata picha iliyohitaji dakika 4 leo huhitaji dakika 8 zikipita siku hizo, ingawa chuma na filamu havikubadilika. Unene nao una hukumu yake: takriban milimita 13 za chuma huizuia nusu ya mionzi hiyo, basi bamba likizidi kwa kiasi hicho, muda huwa maradufu. Lakini masafa ndiyo yenye hila zaidi, maana mionzi husambaa kama nuru ya kandili, na chanzo kikiondolewa nusu mita na kuwekwa mita 1, muda huzidi mara nne. Mwenye haraka hutamani kukisogeza karibu. Kikikaribia mno, kingo za kivuli hufifia, na ufa mwembamba hupotea kabisa. Kwa sababu hiyo hubandikwa juu ya chuma nyaya nyembamba za unene unaojulikana, na picha isiyouonyesha waya uliotakiwa hukataliwa, hata ingependeza namna gani.

Hesabu hiyo hiyo ya masafa na muda ni ya uhai. Mwaka 1984, Mohammedia nchini Morocco, chanzo cha iridiamu kilianguka kazini, mpita njia akakiokota na kukipeleka nyumbani, wakafariki watu 8, na mwanzoni ikadhaniwa wamekula sumu. Ndiyo maana ni wajibu wa fundi, kila muda uliohesabiwa ukiisha, kukiendea chombo cha kuhifadhia chanzo akiwa na kipimo cha mionzi mkononi, ahakikishe kwamba chanzo kimerudi ndani ya ganda lake zito la risasi au urani, kabla hajaigusa filamu.