Nahodha wa Namoto ampima Dakta Peters

Kuna mchezo wa kumchukua mwanasayansi wa zamani na kumtafutia nafasi kati ya zile aina 16 za haiba walizozipanga Katharine Briggs na binti yake, Isabel Myers, kutokana na mawazo ya Carl Jung. Nikajaribu kwa Wilhelm Peters, Mjerumani aliyezunguka Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya wanyama, samaki, wadudu na mimea.

Jibu la haraka: mkimya, mtu wa kujifungia na chupa zake. Taarifa ya safari ile ilitoka juzuu kwa juzuu tangu 1852 hadi 1882, mwaka mmoja kabla hajafa. Yeye ndiye aliyempa jina la kisayansi sange wa vidole vinne, mwaka 1846. Vidole vya mguu wa nyuma alivihesabu.

Kilichonisumbua ni kitabu kingine. Mwaka 1856, mwanaisimu Wilhelm Bleek alichapisha London orodha ya maneno kutoka kwenye daftari za Peters. Jalada lake linasomeka kama safari ya jahazi: Lourenço Marques, Inhambane, Sofala, Tete, Sena, Quelimane, Kisiwa cha Msumbiji, kisha Cabo Delgado, rasi iliyo jirani na Namoto. Halafu Nzwani huko Komoro, ng'ambo ya maji. Mtu wa kujifungia anayapataje haya?

Swali nililipeleka kwa nahodha anayevusha watu mto Ruvuma hapo Namoto. Tangu vita vianze katika jimbo la Cabo Delgado mwaka 2017, kwake kumsoma abiria si burudani.

“Namjua mtu hajapanda bado,” alisema. “Anayeuliza nauli kabla ya salamu atanisumbua katikati ya mto. Anayekumbatia gunia magotini badala ya kuliweka chini, huyo haogopi mamba, anatuogopa sisi.”

Nikamweleza habari za Peters. Akaguna.

“Mwanangu, samaki utamtoa majini bila kumwamkia mtu. Neno hulipati hivyo. Huyo alikaa barazani, akala na watu, hata kama kwao alikuwa bubu.”

Nikambishia. Nchi ilikuwa ya Wareno, na watumwa walikuwa bado wanasafirishwa kutoka pwani hii. Aliyebanwa naye hujibu.

“Basi waliomjibu ndio uwapime. Wameandikwa?”

Jaladani mna majina mawili tu, nikamwambia: Peters na Bleek.

“Mimi nasema aliyemjibu alikuwa baharia. Nani mwingine ana maneno ya Kisiwani, ya huku kwetu na ya Nzwani kinywani kwa pamoja?”

Inawezekana. Na kama ni hivyo, maneno ya bandari kadhaa yalitoka kwa mtu mmoja, na Peters angeweza kuyaandika bila kuteremka chomboni, mkimya vilevile. Baraza yote ya nahodha inavunjika kwa hoja yake mwenyewe. Nilipomwambia hivyo hakujali. Alitaka kujua yule baharia alilipwa nini.