Taa ya mimea, kwa mikono ya fundi wa nyumbani

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hajui mchana mfupi. Kwake jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Durban iko nyuzi 30 hivi kusini mwa ikweta, na huko mwishoni mwa Juni urefu wa mchana haufiki saa 11. Baridi si kali, lakini mwenye ghorofa lililotazama kusini haoni jua dirishani majira hayo, na miche yake ya nyanya na pilipili hurefuka na kupauka. Ndiyo maana wengi hujiundia taa za LED, na ndiyo maana taa nyingi za namna hiyo hufa mapema.

Kosa kubwa ni kuichukulia diodi ya LED kama balbu ya kawaida. Balbu hupewa volti zake, basi. Diodi hutaka ampea zidhibitiwe. Chukua diodi 12 nyeupe za volti 3, uziunge kwa mfululizo. Jumla ni volti 36, na fundi mwenye haraka hununua chaji ya volti 36, akaunganisha moja kwa moja. Taa inawaka vizuri. Tatizo ni kwamba diodi ikipata moto, volti inazohitaji hupungua. Volti za chaji zikibaki palepale, mkondo unaongezeka, joto linapanda, mkondo unazidi tena, mpaka diodi inaungua. Dawa ni draiva ya mkondo thabiti. Kwa diodi hizo 12, tafuta yenye miliampea 700 na uwezo wa kutoa, tuseme, kati ya volti 30 na 42. Utapata wati 25 hivi.

Kuhusu rangi, sitakawia. Klorofili hupenda nyekundu na buluu, na zamani mafundi walichanganya hizo mbili mpaka chumba kikawa zambarau. Leo naona nyeupe, pamoja na nyekundu chache za nanomita 660, zinatosha, tena unaona jani lililougua.

Sasa taa imegoma. Chomoa plagi kwanza, ungoje kidogo, maana kapasita za draiva hubaki na chaji. Kama diodi zote zimezimika kwa pamoja na draiva ni nzima, huenda moja imekatika na kuuzima mfululizo mzima. Ipate kwa multimita katika sehemu ya kupima diodi. Angalia tu kwamba multimita za bei nafuu hutoa volti chache: nyekundu itawaka kwa mbali, nyeupe isiwake kabisa, nawe ukaitupa nzima. Mifululizo miwili iliyopangwa sambamba kwenye draiva moja ina hatari yake. Mmoja ukikatika, mwingine hubeba mkondo wote, nao hufuata.

Taa inayowaka na kuzima kila sekunde inaonyesha draiva inajilinda: volti za diodi ziko nje ya kipimo chake, au waya umegusana na bamba la alumini la kupozea. Inayofifia baada ya dakika kadhaa imeshikwa na joto, kwa hiyo angalia bamba hilo na mafuta yake ya kupitishia joto. Ikiwa inang'aa kidogo hata baada ya kuzimwa, mara nyingi swichi imekata nyutro badala ya waya wa moto. Hilo lirekebishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mtu akigusa ndani akidhani umeme umekatika, atapigwa.

Durban inaongeza adui wake: unyevu wenye chumvi kutoka Bahari ya Hindi. Shaba huota kutu ya kijani, kiungo kinapata moto, lehemu inalegea. Paka viungo vanishi ya umeme na uchague draiva yenye alama ya IP65. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachoshtuka kwenye miliampea 30, kikianguka kila unapowasha taa, usikipite kwa waya. Huenda kinakwambia unyevu umeingia.

Mwafrika Mashariki anayehamia huko ajue pia tofauti ya plagi. Ya kwetu ya pini bapa ina fyuzi ndani, ilhali ile kubwa ya pini tatu za duara ya Afrika Kusini haina. Weka fyuzi ya ampea 1, ya kukatika polepole, kwenye waya wa moto kabla ya draiva, na uunge bamba la alumini na waya wa ardhi. Na kama umetumia saa ya kuzungusha kwa mkono kuwasha na kuzima taa, irekebishe kila baada ya mgawo wa umeme: hukaa palepale umeme ukikatika, na mmea wako unaanza kuamka saa za usiku.