Makaburi Matatu Kwenye Mahame

Mwezi wa Shaabani uliopita tulipokea mgeni hapa msikitini, Dodoma. Alikuwa bibi mwenye umri uliovuka miaka themanini, aliyefika kutoka Tabora akiongozana na mjukuu wake. Baada ya Swala ya Adhuhuri aliomba kuonana na Kamati, na haja yake akaieleza kwa maneno machache: baba wa baba yake alikuja huku na wajenzi wa reli, akafia huku, naye angependa kulizuru kaburi lake kabla hajaitwa na Mola wake.

Tulitazamana. Daftari letu la maziko halifiki hata miaka thelathini nyuma, na ndani yake zimo kurasa tupu za miaka mizima. Kwa kuwa ukatibu ni dhamana tuliyoibeba wenyewe, aibu ile hatukuwa na wa kumtwika.

Bibi hakuwa na mwaka wala jina la kijiji. Alichokuwa nacho ni kauli ya marehemu baba yake kwamba mzee alifariki wakati wa Mtunya. Kwa wenyeji wa Ugogo neno hilo ni kalenda tosha. Mtunya ni ile njaa iliyoiangamiza nchi hii kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakatika. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Basi aliyefariki wakati wa Mtunya hakufa akitandika mataruma. Huyo alikuwa amekwisha kubaki, na yumkini alikuwa ameoa. Tukaacha kuwatafuta wajenzi wa reli, tukaanza kuwatafuta wakwe.

Tuliulizia kituo kwa kituo kuelekea magharibi, na njia ikatufikisha kwa mzee mmoja wa Kigogo, upande wa Bahi. Tulikaribishwa kwa mbukwa na kwa ugali wa uwele na mlenda. Tulipolitaja jina la marehemu, la fulani bin fulani kama bibi alivyolihifadhi, mzee alitikisa kichwa. Tulipoeleza kwamba alikuwa mgeni wa reli aliyebaki akaoa, mzee akatabasamu. Kumbe wakwe walimwita kwa jina la utani lenye maana ya mtu wa taa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwasha taa kituoni. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki Tabora, na jina alilofia lilibaki kwa wakwe. Wanaotafuta nasaba walizingatie hilo: mtu mmoja huweza kuwa na majina mawili yasiyojuana.

Kaburi lenyewe halikuwapo kijijini. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu walihamishwa kutoka makazi yao ya zamani na kukusanywa katika vijiji. Walibeba vyakula na milango, wakaswaga mifugo. Makaburi hayabebeki. Leo ukifika kwenye mahame hayo utaona mbuyu, na vichuguu vya udongo mahali ziliposimama tembe.

Mzee alitutangulia kwa fimbo yake. Chini ya mbuyu wa pili tulikuta makaburi matatu yaliyolala mashariki kwa magharibi, kila moja likiwa na jiwe upande wa mashariki. Huku kwetu Kibla kiko kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea huko, hivyo kichwa hukaa mashariki. Tulielewa tumefika. Lakini ni lipi kati ya matatu? Mzee alijua tu kwamba mmoja wao ni mtu wa taa na wawili ni wenzake wa kituoni. Zaidi ya hapo hakuambiwa.

Mjukuu, kwa mapenzi mema, alitaka tulichague la katikati, tulijengee kwa saruji na kuliandika jina. Tulimkatalia kwa upole. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kupaka chokaa makaburi na kujenga juu yake, na kuandika jina juu ya kaburi usilolijua ni kutoa ushahidi bila elimu. Jiwe ni jambo jingine. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Na mawe yale matatu, mzee alitueleza, si ya pale. Yametolewa mlimani, mwendo wa zaidi ya saa moja. Kuna watu waliyabeba mwaka wa njaa, hawana kitu tumboni.

Bibi aliwatolea salamu wote watatu, akawaombea wote watatu. Kisha akaketi kando na kulia kimya.

Wapo vijana wanaotuuliza faida ya safari kama hii, ilhali dua humfikia maiti popote alipo. Ni kweli, dua haihitaji ramani. Lakini Mtume (s.a.w.) aliomba idhini ya kulizuru kaburi la mama yake, akaenda, akalia mpaka akawaliza waliokuwa naye. Tena bibi alirudi Tabora na kitu ambacho hakukijia: mama wa mzee yule wa Bahi alikuwa binti wa mtu wa taa. Kwa hiyo yeye na bibi ni ndugu, watoto wa kaka na dada, na walikuwa hawajawahi kuonana.

Dodoma imekuwa jiji tangu mwaka 2018, na barabara, reli mpya na viwanja vinazidi kuingia mashambani. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu mwaka 1969, na inataka wahusika watangaziwe. Tangazo hilo litamfaa nini asiyejua wazee wake wamelala wapi? Makaburi yale matatu tumeyaandikia barua serikali ya kijiji, na ndiyo yaliyofungua daftari letu jipya. Kila maiti sasa tunamwandikia jina lake, la baba yake na la babu yake, jina la utani kama analo, tarehe ya Hijria na ya Miladia, safu ya kaburi, na ndugu wa kuulizwa.

Kwa majina ya wale wenzake wawili tumeacha nafasi. Familia yenye mzee aliyefanya kazi ya reli upande wa Bahi na asirudi nyumbani miaka ya Mtunya, tunaiomba ituandikie kupitia gazeti hili.